Kuishi Sallins, kazi Dublin: treni ipi?

Wakuu, mtu mwenye ofisi karibu na Grand Canal Dock, Dublin, akipanga Sallins, Kildare (Ireland), atalazimika kubadilisha usafiri stesheni ya Heuston?

Jibu 1
Si lazima. Kituo kinaitwa Sallins & Naas, na kina treni za aina mbili. Za kwanza zinaishia Heuston, magharibi ya jiji. Hapo unadaka tramu ya Luas, laini nyekundu. Za pili, tangu 2016, hupita handaki la Phoenix Park, zikasimama Drumcondra, Connolly, Tara Street, Pearse na mwisho Grand Canal Dock. Kosa la kawaida ni kurukia treni iliyotangulia bila kusoma ubao. Kadi ya Leap (ya kulipia nauli) iguse mashine unapoingia na unapotoka. Ukisahau kuigusisha unapotoka, unakatwa nauli ya juu kabisa.

Jibu 2
Usichanganye na Naas: ule ndio mji mkubwa, kilomita kama 4 hivi, na hauna reli. Tangazo la nyumba likisema "karibu na stesheni", pima kwa miguu kwanza. Magari yamepungua katikati ya Sallins tangu barabara ya mchepuko ifunguliwe 2021.

Jibu 3
Na wikendi kuna mfereji, mzuri kwa matembezi.