Waleti ya brauza: MetaMask, Rabby, Phantom au Trust? Nalipwa kwa USDC

Nalongo_Desaina (Kansanga)
Habari zenu wakubwa. Mi nachora nembo na lebo za chupa za juisi, sasa nimepata mteja yuko Ureno anasema benki yao inamkata sana akituma Uganda, anataka anilipe kwa USDC, ile dola ya kripto, dola 180 kila mwezi. Jana bando langu lote limeishia kusoma na bado kichwa kinazunguka, nimebaki na waleti nne za kushikia hiyo kripto: MetaMask, Rabby, Phantom na Trust Wallet. Nataka ile ya kuweka kwenye brauza coz simu yangu kioo kimepasuka na inajizima. Laptopu ni moja tu HP ya zamani, watoto wanachezea gemu humo humo, baba yao anatazamia mpira kwenye zile saiti zake za matangazo matangazo. Nianzie wapi? Msiniletee Kiingereza kigumu tafadhali.

Fundi_Wandegeya
Nalongo kabla ya jina la waleti muulize mteja atatuma kwa neti gani ya kripto. USDC iko Ethereum, iko Solana, iko Base, iko Polygon, jina moja lakini njia tofauti, na akikosea njia hakuna wakala wa kumpigia simu arudishe. Akisema Solana basi Phantom, hiyo ilizaliwa 2021 kwa ajili ya Solana na baadaye ndo wakaongeza Ethereum na Bitcoin. Akisema Base, Polygon au Ethereum yenyewe, chukua MetaMask au Rabby. MetaMask ndo mzee wao, iko tangu 2016, na 2025 imeingiza Solana pia. Rabby yenyewe ni familia ya Ethereum tu, Solana haijui. Anwani utaitambua, ya familia ya Ethereum inaanza na 0x na ukihesabu yote ni herufi 42, ya Solana haina hiyo 0x.

Kijana_wa_Bwera
Mi nimetumia MetaMask miaka mitatu na sina ugomvi nayo, kila saiti inamjua yule mbweha wa nembo yao, ukikwama ukiuliza popote kuna mtu alishakwama hapo hapo. Lakini nilihamia Rabby kwa sababu moja. Kabla hujasaini, yaani kuukubali muamala, inakuandikia wazi: hii inatoka, hii inaingia, huyu unayempa ruhusa hujawahi kukutana naye. Zamani nilikuwa nasaini kama vile unavyosaini kitabu cha wageni getini, askari anakupa kalamu unaandika tu bila kuangalia. MetaMask nayo siku hizi inaonyesha makadirio ya kitakachotoka ila macho yangu yanaona Rabby inapiga kelele vizuri zaidi pale pa hatari. Na neti inajibadilisha yenyewe, hutafuti tafuti.

Lira_Moja
Mbona hamsemi Trust? Niko nayo kwenye simu mwaka wa nne, sijaona shida hata siku moja.

Fundi_Wandegeya
Ya simu sawa ssebo, lakini dada anauliza ya brauza, na hiyo iko na historia. Waleti zilizotengenezwa kwenye ekstensheni yao, ile ya kubandika kwenye brauza, kati ya 14 na 23 Novemba 2022 maneno yake ya siri ya kufungulia yalichaguliwa kwa bahati nasibu dhaifu, mtu mwenye kompyuta nzuri angeweza kuyakisia, na kuna watu waliibiwa. Alafu Desemba 2025, wiki ya Krismasi, toleo 2.68 la Chrome lilitoka likiwa limetiwa msimbo wa wizi, karibu dola milioni 8.5 zikaondoka kabla hawajaleta 2.69. Wa simu hawakuguswa hiyo Desemba. Kampuni ilisema italipa waathirika. Sisemi ni wabaya, nasema ilitoka dukani kwenyewe, si linki ya mtu wa Telegram, kwa hiyo hata ukifanya kila kitu sawa usigeuze ekstensheni kuwa sanduku la akiba. Ni mkoba wa kwenda nao sokoni.

Mzee_Mpondwe
Wanangu, mnamfundisha mama wa mapacha kuruka ukuta? Aprili 2022 Benki Kuu iliandikia watu wa malipo kwamba hakuna aliyepewa leseni ya kubadilisha kripto kuwa mobile money, mahakama ikaja kukubaliana nayo. Na Dunamiscoins ya 2019 mmeisahau? Niliona watu Kampala wanalia mlangoni ofisi imefungwa.

Kijana_wa_Bwera
Mzee shikamoo. Dunamiscoins watu walipeleka keshi ofisini kwa mtu wakaahidiwa riba, hiyo ni upatu uliovaa suti. Hapa Nalongo anafanya kazi analipwa, funguo anashika mwenyewe. Ila la Benki Kuu uko sahihi kabisa na Nalongo alisikie: pesa ikiingia kwenye waleti haiwi shilingi yenyewe, utauzia mtu, na mtu huyo akikuchezea hakuna ofisi ya kwenda kushtaki. Usikutane na mtu gizani Arua Park pale Kampala na dola 180 kwenye mkoba. Na usikubali pesa ya MoMo (mobile money) inayotoka kwa jina ambalo si la uliyekubaliana naye, hapo ndo watu wanaletewa pesa ya wizi alafu polisi wanamtafuta aliyepokea.

Nalongo_Desaina
Mteja amejibu, Base. Kwa hiyo nimebaki na MetaMask na Rabby. Nikitafuta Google ya kwanza kabisa imeandikwa tangazo, ndo hiyo?

Fundi_Wandegeya
USIBONYEZE HIYO. Banange. Hapo juu pa matangazo ndo wezi wanapolipia kodi. Andika mwenyewe kwenye brauza metamask.io au rabby.io, kutoka huko ndo ikupeleke duka la Chrome, na ukifika duka angalia idadi ya watumiaji, kama inasema watu mia tatu jua ni feki. Hata duka la Apple 2024 liliwahi kukaa na Rabby ya bandia wakati Rabby wenyewe walikuwa hawajatoa app ya iPhone, kwa hiyo dukani si msikitini.

Sasa hiyo laptopu ya familia ndo inanitisha kuliko waleti. Fungua profaili mpya kwenye Chrome, pale juu kulia kwenye kaduara, ipe jina lolote, mi yangu naiita Duka, humo usiweke ekstensheni ingine yoyote, si ya kudaka video si ya kutafsiri si ya kuponi. Ekstensheni nyingi ukiziweka zinakuomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha kila ukurasa unaofungua na sisi tunabonyeza ndio tu. Ikiwezekana watoto na baba yao wapate akaunti yao kabisa ya Windows. Hizo saiti za mpira za bure zinashusha vitu, nimesafisha laptopu moja juzi hapa kibandani, ukikopi anwani yako ukipesti inatoka anwani ya mtu mwingine, mwenyewe alikuwa anasema keyboard imeharibika.

Ukianza kuitengeneza itakupa maneno 12 ya Kiingereza. MetaMask siku hizi inakubali pia uingie kwa Google au Apple, mi napendelea maneno. Yanatoka kwenye orodha ya maneno 2048 na herufi nne za mwanzo za kila neno hazifanani na lingine, kwa hiyo hata mwandiko ukiwa mbaya neno linaonekana. Karatasi na kalamu. Si skrinshoti, si picha, picha inapanda Google Photos yenyewe hata hujui, si WhatsApp ya kujitumia. Andika mbili, moja nyumbani moja kwa mama kijijini, ndani ya kitu kisicholiwa na mchwa.

Nalongo_Desaina
Na paswadi inayoniuliza nayo nipeleke kijijini? 😂

Fundi_Wandegeya
Paswadi ni ya kufungulia kwenye hiyo laptopu tu. Ukiisahau unafuta, unaweka tena, unaingiza maneno, maisha yanaendelea. Maneno yakipotea na laptopu ikafa, hakuna wa kukusaidia duniani. Na maneno hayo hayo ukiyaingiza MetaMask au Rabby anwani inatoka ile ile kwa hiyo usiogope kuchagua, ukichoka na moja unahama.

Msaada_Waleti_24
[Ujumbe umefutwa]

Admini
Nimemfuta huyo. Alikuwa anamwambia Nalongo ajaze fomu "kuthibitisha waleti" na kwenye fomu kuna nafasi 12. Nalongo akikufuata inboksi mbloki, hata kama picha yake ni mbweha.

Dada_Ntinda
Niseme yangu ingawa naona aibu. Mi sikuibiwa maneno, sikubonyeza linki, nilikopi tu. Nilikuwa namtumia mdogo wangu kila mwezi, anwani yake inaanza 0x7a3F inaisha e91C, nishaizoea kwa macho. Siku moja kwenye historia yangu kukaingia muamala wa dola sifuri, sikujali. Mwezi uliofuata nikafungua historia nikakopi ile ya juu, 0x7a3F, e91C, nikatuma 240. Katikati ilikuwa tofauti. Mwizi anatengeneza anwani inayofanana mwanzo na mwisho, anakutumia uchafu ili ikae juu kwenye orodha, anasubiri uvivu wako. Sasa anwani za watu nimezihifadhi kwenye kitabu cha anwani cha waleti kwa majina, na kiasi kikubwa nasoma herufi za katikati kwa sauti kama mtu anasoma namba ya Yaka ya umeme. Mtoto wangu ananicheka.

Kingine ni vibali. Saiti ya kubadilishia sarafu inakuomba ruhusa ya kuchukua USDC yako, wengi wanaacha bila kikomo, miezi sita baadaye saiti inavamiwa na we umelala. Andika kiasi unachotaka tu, na mara kwa mara pita revoke.cash ufute vya zamani. Ila kufuta nako kunakatwa gesi, yaani ada ya neti.

Lira_Moja
Pole sana dada. Hiyo ya katikati sikuwahi kuifikiria kabisa, mi naangalia nne za mwisho tu.

Kijana_wa_Bwera
Na zile waleti za kidude, Ledger au Trezor je? Unachomeka USB na hakuna kinachotoka mpaka ubonyeze kwenye kidude chenyewe, inaungana na Rabby na MetaMask zote.

Fundi_Wandegeya
Kwa 180 ambayo anaitoa kila mwezi bado mapema. Akianza kubakiza ndo anunue, mpya, kutoka kwa kampuni. Kuna kijana aliletewa ya mtumba ikiwa na kikaratasi cha maneno tayari ndani ya boksi, eti wamemrahisishia, kumbe aliyeyaandika anayo pia.

Nalongo_Desaina
Nimerudi na ripoti. Nimechukua Rabby, profaili mpya inaitwa Jikoni ili baba yao asiguse. Nikamwambia mteja atume dola 5 kwanza, zimefika hata chai haijapoa. Nikataka kuzirudisha kujaribu ikakataa, eti sina ETH (sarafu ya Ethereum) ya gesi, kumbe hata kama una USDC milioni kwa kawaida huwezi kuisogeza bila kaETH kadogo, kwa nini hakuna aliyesema?? Mteja amenitumia ya dola 2, nimetuma, kilichokatwa ni senti hata shilingi mia haifiki.

Alafu nikafanya jambo moja, kabla ya ile 180 nikafuta waleti yote nikaanza upya na karatasi kuona kama inarudi. Ikakataa!! Nikatoka jasho. Kumbe neno la tisa niliandika dessert na s mbili, la kweli ni desert, ile ya jangwa. Ingekuwa mwaka kesho na akiba yangu humo!

Dada_Ntinda
Nalongo FUTA hilo neno hapo juu!!

Fundi_Wandegeya
Kwa neno moja kati ya 12 wezi hawakufikii bado, ila kwa vile ndani kuna senti tu tengeneza waleti mpya leo, maneno mapya, umpe mteja anwani mpya kabla hajatuma. Na kijijini usipeleke karatasi ya zamani.

Nalongo_Desaina
Nilishaipeleka 😭 narudi stendi kesho.