Naomba ushauri: oili ya giaboksi kwa Corolla ya zamani

Wakuu, habari zenu. Nina Toyota Corolla ya 1996, manuali, niko Dodoma. Asubuhi hizi za Julai, baridi ikiwa kali, gia namba mbili inagoma na kukwaruza. Nikishatembea kidogo inaingia laini kabisa. Klachi ni nzima. Dukani wana oili ya 80W-90 (namba za uzito wa oili) ya GL-5 (daraja la oili ya gia) tu, na fundi anakomaa niweke hiyo hiyo. Hofu yangu ni zile ringi za shaba za sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ziingie bila kukwaruza), maana baadhi ya GL-5 zina viungo vya salfa vinavyozila. Mimi naegemea 75W-90 ya GL-4, ambayo ni nyepesi zaidi kwenye baridi. Je, itahimili jua la mchana na milima ya Kondoa nikiwa na mzigo? Naombeni wenye uzoefu mnisaidie kabla sijamwaga ya zamani.