Nianze na albamu zipi za muziki wa kielektroniki nikiwa msikilizaji wa nyumbani?

Msikilizaji wa Uyole

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi Uyole, Mbeya, na kwa muda mrefu muziki wa kielektroniki umenifikia wimbo mmojammoja kupitia simu, bila kujua umetoka kwenye albamu gani wala ni upi unaoutangulia au kuufuata. Sasa ningependa kusikiliza albamu nzima jioni, kazi zikiisha. Kinachonikwamisha ni kwamba baada ya vipande vitatu au vinne naona mdundo ni uleule, hakuna anayeimba, na mawazo yangu yanahama. Naomba mnielekeze albamu za kuanzia, na kama kuna namna ya kusikiliza inayosaidia, niielewe. Nina sabufa ya kawaida yenye spika mbili ndogo, visikilizi vya masikioni, na uwezo mdogo wa kununua vifurushi vya intaneti.

Mkazi wa Kihesa, Iringa

Ndugu yangu wa Uyole, sikio lililozoea nyimbo husubiri ubeti na kiitikio, na visipokuja huona hakuna kinachotokea. Katika muziki huu mengi hutokea ndani ya sauti yenyewe: besi inajiondoa kidogokidogo, sauti iliyokuwa imefifia inafunguka, ala mpya inaingia taratibu mpaka unashtuka kwamba ilikuwapo tangu dakika mbili zilizopita. Ndiyo maana nakushauri uanze na albamu ambazo mabadiliko hayo yanasikika wazi.

Ya kwanza ni Oxygène ya Mfaransa Jean-Michel Jarre, iliyotoka mwaka 1976. Aliirekodi katika studio aliyoitengeneza mwenyewe ndani ya nyumba yake mjini Paris, ina sehemu sita, haina mwimbaji, lakini tuni zake zinashikika upesi. Baada ya hapo sikiliza Autobahn ya kundi la Kijerumani la Kraftwerk, ya mwaka 1974, ambayo kipande chake kikuu huchukua takriban dakika 22 na kujaza upande wote wa kwanza wa santuri; ni safari ya gari barabarani, na ukiifuata hivyo dakika hizo hazichoshi. Music for Airports ya Brian Eno, ya mwaka 1978, ndiyo niipendayo kuliko zote hizi, ila nisingempa mgeni aanze nayo. Katika kipande cha pili sauti za watu zimewekwa kwenye kanda zinazojirudia zenye urefu tofauti, hivyo zinakutana na kuachana kwa namna isiyotabirika, na uzuri wake unahitaji sikio lililokwisha kutulia.

Kaa na albamu moja kwa wiki nzima kabla ya kuchukua nyingine. Zima ule mpangilio wa simu unaochanganya nyimbo, kwa sababu sehemu za Oxygène zinaungana, na tafuta programu ya kuchezea muziki isiyoweka ukimya kati ya kipande na kipande. Sabufa usiisukumie kwenye kona, kwani hapo besi huvimba na kufunika sauti nyingine zote. Na kama chumba kina sakafu ya saruji na kuta tupu, pazia zito litapunguza mwangwi. Kuhusu vifurushi, faili la MP3 la kilobiti 320 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 2.4 kwa dakika, yaani albamu ya saa moja ni kama megabaiti 144. Ipakue mara moja uihifadhi, kwani kuisikiliza mtandaoni kila jioni kutakumalizia kifurushi.

Msikilizaji wa Mwanjelwa

Namheshimu kaka wa Kihesa, lakini sioni sababu ya Mtanzania kuanzia Ulaya. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso iliyoko Mburahati, Dar es Salaam. Singeli masikio yetu yanaifahamu tayari kutoka kwenye sherehe na daladala, hivyo ukikaa nayo nyumbani kwa utulivu, utagundua kazi kubwa iliyomo ndani ya mapigo yanayozidi 200 kwa dakika. Kisha wafuate maprodyuza wenyewe: Bamba Pana alitoa Poaa mwaka 2018, na Jay Mitta akatoa Tatizo Pesa mwaka 2019. Hiyo ndiyo njia yangu ya kugundua albamu mpya: nashika jina la prodyuza na la lebo, naingia Bandcamp, tovuti ambayo wasanii na lebo huuzia muziki wao, ambako mara nyingi unaweza kusikiliza kabla ya kununua.

Dada wa Tukuyu

Naongeza jambo moja tu, kuhusu mvua. Huku kwetu hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na mvua juu ya bati humeza kabisa muziki mtulivu wenye sauti ndogo. Albamu kama Peel ya msanii KMRU wa Nairobi, ya mwaka 2020, ambayo haitegemei ngoma wala mdundo, naiwekea jioni kavu au naisikiliza kwa visikilizi vinavyoziba sikio vizuri. Mvua ikianza, ndipo singeli inapofaa.

Mkazi wa Kihesa, Iringa

Ndugu wa Mwanjelwa, nakubali kwamba singeli ni mlango wa karibu zaidi, na nimefurahi umeitaja. Ila Sounds of Sisso ni mkusanyiko wa kazi za watu mbalimbali, ilhali mwenzetu anataka kujifunza jinsi msanii mmoja anavyopanga albamu kutoka kipande cha kwanza hadi cha mwisho. Kwa hiyo, ndugu wa Uyole, ukipita njia hiyo anza na Poaa, kisha uchukue Oxygène wiki inayofuata.