Edzell au Pitmedden: nimpeleke mama bustani ipi ya ukuta?

Mdigo_Ughaibuni
Habari zenu wakuu. Mama anakuja Uskoti kunitembelea na nina siku moja tu ya kumtoa. Nataka aone bustani ya kizamani ya nyumba ya kibwana, ile ya kuzungushiwa ukuta na kupangwa kwa kamba na rula. Nimebaki na mbili: Edzell, karibu na Brechin, na Pitmedden, kaskazini ya Aberdeen. Kiingilio si tatizo. Ipi inafaa? Nawasilisha.

Kibarazani
Umeuliza nusu, mkuu. Anakuja mwezi gani? Unakaa mji gani? Una gari? Mama anatembea vizuri?

FundiChokaa
Wakati tunamsubiri: Edzell, na mwezi wowote. Pale kinachotazamwa ni ukuta. Aliujenga Sir David Lindsay mwaka 1604, na umechongwa pande tatu. Mashariki sayari saba kwa sura za miungu ya Kirumi, kusini elimu saba za kale (sarufi, hesabu, muziki na wenzake), magharibi maadili saba ya Kikristo. Baadhi yake wachongaji waliiga michoro iliyochapwa Ujerumani. Katikati ya michongo kuna zidaka (vijishimo vya ukutani) zilizopangwa kama ubao wa dama, safu tatu, na nyota juu yake. Hiyo ni nembo ya ukoo wa Lindsay. Zikipandwa maua ya buluu na meupe ukuta unageuka bendera. Mimi ni wa Lamu, nimelelewa na zidaka za chokaa ukumbini, za kuwekea sahani na vikombe vya Kichina. Kuziona nje, juani, zimetiwa udongo na maua, nilisimama kama mjinga.

BintiPwani77
Samahani fundi, kidaka ni cha ndani. Hayo ya nje ni mashubaka.

FundiChokaa
Kwetu shubaka lina uwazi, linapitisha hewa. Kikiwa na mgongo ni kidaka, kiwe ndani kiwe nje.

Zulia_la_Kijani
Turudi kwenye mada. Pitmedden! Sir Alexander Seton aliianza 1675, mwaka umechongwa pale pale kwenye jiwe. Bustani imeshushwa chini, nawe unasimama kwenye uwanda wa juu unaitazama kama mkeka uliotandikwa. Kuna vibanda viwili vya mawe vya ghorofa, mapaa yake yamebonyea kama kengele. Ngazi za kushukia peke yake zinatosha kwa picha. Edzell ukishamaliza kuta umemaliza.

FundiChokaa
Huo mkeka wako si wa Seton. Shamba lilikuwa limegeuzwa la mboga. National Trust for Scotland, shirika la kuhifadhi mambo ya kale, walikabidhiwa 1952, wakachora upya, baadhi ya mapambo wakiyatoa kwenye mchoro wa 1647 wa bustani ya Holyrood, kasri la Edinburgh. Ni nakala ya bustani ya mtu mwingine.

Zulia_la_Kijani
Na maua ya Edzell je? Yalipandwa miaka ya 1930! Zile herufi za Kilatini walizokata kwenye ua wa miti, Dum Spiro Spero, maadamu napumua natumaini, unadhani Lindsay aliziona?

FundiChokaa
Ukuta aliuona. Akafa 1610 na madeni kibao, kazi haijaisha.

Kibarazani
Kumbe ugonjwa wa kujenga kwa mkopo ni wa zamani 😂

MamaWawili
Ndugu muulizaji, nikupe yaliyonikuta, jina la bustani silitaji. Nilimpeleka shangazi yangu mwezi Machi. Picha za mtandaoni zilikuwa moto, mistari ya boksi (ule mti mdogo wa Buxus) imenyooka kama imepigwa pasi. Tukafika: nusu ya mistari ni vijiti vya kahawia. Kuna ukungu unaoua boksi, majani yanapukutika na ua unabaki mifupa, walikuwa wameng'oa vipande vizima na kuweka mkanda wa kuzuia watu. Mvua ya upande. Njia zote kokoto, na shangazi ana mkongojo, kila hatua unazama. Mkahawa umefungwa hadi Pasaka. Tukakaa ndani ya kibanda cha pembeni tunakula sambusa nilizobeba, akaniuliza, "Haya, bustani iko wapi?" Nikamwambia ndiyo hii. Akasema kwao Mombasa hiyo inaitwa kiwanja. Mpaka leo kwenye harusi anaisimulia. Kwa hiyo jibu maswali ya Kibarazani kwanza.

Birmingham_Bongo
Mngekuwa huku kusini ningesema Packwood House, Warwickshire. Ukuta wa uwanda wake una mashubaka mawili mawili, kila moja lilikuwa la mzinga wa nyuki wa majani makavu. Kibanda kimoja cha pembeni kilikuwa na tanuri la kupasha ukuta joto ili matunda yaive. Ukuta unafanya kazi, siyo pambo tu.

BintiPwani77
Umeona fundi? Mwenzio kasema mashubaka.

FundiChokaa
Kasema kwa sababu kakusoma wewe.

Mdigo_Ughaibuni
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Nakaa Dundee. Gari sina, labda rafiki aniazime. Anakuja mwisho wa Oktoba. Anatembea, ila goti moja linasumbua, ngazi hapendi. Na nilisahau kusema, maua hayamshughulishi sana. Baba yake alikuwa mchonga milango.

Kibarazani
Hilo la mwisho ndilo lilipaswa kuwa la kwanza! Edzell ni tambarare na ni karibu nawe zaidi. Bila gari panda treni hadi Montrose, halafu utafute basi au teksi. Lakini Oktoba ikiisha sehemu nyingi hufunga, piga simu kabla hujaahidi.

Zulia_la_Kijani
Goti ndiyo sababu ya Pitmedden. Anakaa juu kwenye benchi anaona yote bila kushuka.

MamaWawili
Kwenye benchi, Oktoba, Aberdeenshire. Mpelekee na blanketi.

Mdigo_Ughaibuni
Nimempigia, nikamtumia picha za pande zote mbili. Ya Pitmedden kasema nzuri. Ya Edzell kaikuza, kanyamaza kidogo, kisha kauliza: zile zidaka za safu ya juu nani anapanda kuzimwagilia?

FundiChokaa
Kasema zidaka.