Ukoo wa Bi Mwanaisha: usiku wa fainali

*Jumanne, 21 Januari 2025, saa za Tanga*

03:12 Salma (Columbus): Assalam aleikum wanaukoo. Najua huko ni usiku wa manane, ila Idi kanisihi niwaamshe. Fainali ya mpira wa Kimarekani wa vyuo inaanza sasa hivi kule Atlanta, Ohio State na Notre Dame.

03:14 Kaka Hamisi (Tanga): Waaleikum salaam. Mie niko macho, nimekaa barazani. Ndiyo timu ya chuo cha Idi?

03:14 Idi: Ndiyo mjomba. Shikamoo.

03:15 Kaka Hamisi (Tanga): Marahaba. Hebu nieleze. Mwezi wa kumi na moja mama yako alisema mmefungwa na watani na chakula hakikushuki. Leo fainali mmefikaje?

03:17 Idi: Tumefungwa mara 2 msimu huu. Oktoba 12 Oregon walitufunga kwao 32-31. Halafu Novemba 30 Michigan wakaja hapa hapa Columbus wakatufunga 13-10. Miaka ya nyuma mtoano ulikuwa wa timu 4, tungekuwa tumekwisha. Msimu huu wameufanya wa timu 12, tukaingia nafasi ya 8.

03:18 Rehema (Dar): Kwa hiyo hao Michigan kwenu ni kama sisi Simba tukiwasikia Yanga?

03:20 Salma (Columbus): Mdogo wangu, wiki ya Michigan chuo kizima wanabandika utepe mwekundu juu ya kila herufi M kwenye mabango. Hata M ya jengo la maktaba haisalimiki. Sasa fikiria watu zaidi ya laki moja wamejaa uwanjani, na Michigan mwenyewe msimu huu alikuwa hoi, halafu anakufunga kwako. Mwaka wa nne mfululizo.

03:21 Salma (Columbus): Na baada ya mechi wakataka kuisimika bendera yao katikati ya uwanja. Zikapigwa ngumi, polisi wakapuliza pilipili. Idi alikuwepo. Alirudi akaitundika kofia yake nyekundu nyuma ya mlango, na mpaka leo hajaigusa. Naifuta vumbi mimi.

03:23 Kaka Hamisi (Tanga): Na kocha bado yupo?

03:24 Salma (Columbus): Yupo, Ryan Day. Mji mzima ulitaka afukuzwe. Mzee ninayemhudumia asubuhi alikuwa hataki hata jina lake litajwe mezani. Nami nilisema tangu siku ile, kocha hafukuzwi kwa mechi moja.

03:25 Kaka Hamisi (Tanga): Si moja hiyo Salma. Ni miaka minne mfululizo kwa mtani. Huku hafiki hata wa pili.

03:53 Idi: Tumeanza vibaya. Notre Dame wameushika mpira karibu dakika 10, mpaka kwotabeki wao (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) Riley Leonard kauvusha mstari wetu mwenyewe. 7-0.

03:54 Rehema (Dar): Dakika 10 nyie mnatazama tu?

03:55 Idi: Ndiyo mchezo wenyewe mama mdogo. Una majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ukizipata unapewa mengine manne. Wao wanazipata kidogo kidogo, sisi hatuugusi mpira.

04:11 Idi: JEREMIAH SMITH! 7-7! Ana miaka 19 huyu, ndiyo mwaka wake wa kwanza chuoni!

05:09 Idi: Mapumziko, 21-7. Kwotabeki wetu Will Howard pasi zake 13 za mwanzo zote zimefika. Zote!

05:10 Rehema (Dar): Na yule aliyekimbia na mpira wiki ile? Dada ulipiga simu unalia.

05:14 Salma (Columbus): Jack Sawyer. Nusu fainali na Texas. Tunaongoza 21-14, zimebaki dakika mbili na kidogo, Texas wamekwishafika yadi 1 kutoka mstari wetu. Yadi moja, Rehema, hatua ya mtoto. Wakasukumwa nyuma mpaka yadi 8, wakabaki na jaribio la mwisho. Sawyer akamfikia kwotabeki wao, Quinn Ewers, ambaye waliwahi kulala chumba kimoja hapa hapa chuoni kabla hajahamia Texas. Akampiga mkono, mpira ukaponyoka, akaudaka mwenyewe, akakimbia yadi 83. Mtoto wa Pickerington huyo, jirani tu na hapa, na miaka yake yote minne hajawahi kumfunga Michigan. Mbio zile niliziona kama za mwanangu.

05:16 Kaka Hamisi (Tanga): Adhana hiyo. Naenda msikitini, nikirudi nisikute mambo mengine.

05:52 Kaka Hamisi (Tanga): Nimerudi. Vipi?

05:53 Idi: 31-7! Quinshon Judkins kakimbia yadi 70, kisha kafunga.

05:54 Kaka Hamisi (Tanga): Alhamdulillah. Basi ngoja nichemshe chai.

06:49 Idi: Mjomba 31-23. Zimebaki dakika 4. Mikono inatetemeka.

06:50 Kaka Hamisi (Tanga): Si uliniambia 31-7?

06:51 Salma (Columbus): Wamefunga mara mbili, na kila mara wakaongeza pointi 2. Wakipata nyingine na nyongeza yake wamesawazisha. Mwombeeni mtoto, kakaa sakafuni.

06:58 Idi: Jaribio la tatu, bado yadi 11. Tukikosa, mpira wao.

06:58 Idi: Wengine hapa wangekimbia nao katikati tu, saa iende

06:59 Idi: KARUSHA

06:59 Idi: SMITH YUKO PEKE YAKE PEMBENI

07:00 Idi: YADI 56!!!

07:01 Rehema (Dar): Nimepiga kelele mpaka jirani kagonga ukuta.

07:03 Kaka Hamisi (Tanga): Kocha aliyetaka kusitirika asingerusha mpira ule. Hapo Salma nakupa.

07:11 Idi: Mpigaji wetu Fielding kaupitisha kwa mguu katikati ya nguzo, pointi 3. 34-23, sekunde 26.

07:15 Idi: MABINGWA. Mara ya mwisho ilikuwa msimu wa 2014, mimi niko shule ya msingi.

07:17 Salma (Columbus): Tennessee 42-17, Oregon 41-21 aliyekuwa hajafungwa na mtu, Texas 28-14, leo Notre Dame. Mechi nne, kocha yule yule. Nje honi mtaa mzima na baridi hii. Idi katoka mbio bila koti. Kofia haipo nyuma ya mlango.

07:20 Bi Mwanaisha (Tanga): Hongereni wanangu. Idi avae koti.

07:24 Kaka Hamisi (Tanga): Hongera sana mjomba. Kombe ni kombe. Sasa niambie, na mtani mnakutana lini tena?

07:41 Idi: Novemba 29. Kwao.

07:42 Kaka Hamisi (Tanga): Nitaamka.