Mbwa wa kuendesha kila mara: chakula cha gunia, sungura, ama wali na kuku?

Taiga_Lanet
Habari za jioni wadau. Nina dume la German Shepherd, si pyua sana, miaka 4, anaitwa Taiga. Tangu mwezi wa 8 tumbo lake limenishinda, anaendesha wiki nzima, anashika siku nne hivi, anaanza tena, na mara mojamoja asubuhi anatapika povu la njano kabla ya kula. Alikuwa kilo 33, saa hii ni 27, nimempima kwa mizani ya nguruwe ya jirani. Dawa ya minyoo amepata mara mbili, choo ikapimwa jiardia (vijidudu vya tumbo) hakuna, damu haina ugonjwa wa kupe. Akimeza metro (metronidazole, antibiotiki) anakaa sawa, vidonge vikiisha siku ya tatu tuko pale pale. Daktari amesema tupumzishe vidonge tujaribu chakula, nichague kulingana na mfuko: ama kile cha gunia chenye protini iliyovunjwavunjwa, ama nimpikie nyama ambayo hajawahi kula. Majirani nao wananiambia wali na kuku wa kuchemsha, basi. Siku zote amekula ugali na mapafu ya ng'ombe, na makombo ya watoto. Nani amepitia hii?

Omera_wa_Dunga
Pole sana ndugu yangu. Wali na kuku ni ya kuzima moto siku mbili tatu, lakini kama kuku ndiyo inamsumbua utakuwa unamwaga petroli. Mimi ningempa samaki. Huku Kisumu mgongo wazi wa mbuta (mifupa inayobaki na nyama kidogo minofu ikishatolewa) ni bei ya chini, unachemsha unatoa nyama, mifupa tupa yote usiache hata mmoja, unachanganya na wali. Rahisi kuliko hayo magunia ya ng'ambo.

para_wa_Lurambi
Omera samaki ni sawa ila kuna mtego hapo. Taiga hajawahi kula mbuta, sawa, lakini amewahi kula dog meal ya agroveti? Nyingi zina omena ndani, hata kama gunia limechorwa picha ya nyama. Kwa hivyo mbwa wa huku kwetu samaki si kitu kigeni kwake vile watu wanafikiria. Mwenye mbwa akae chini aandike kila kitu mbwa amewahi kutia mdomoni halafu achague nje ya hiyo orodha.

Kwa Taiga: ng'ombe, kuku, maziwa na ngano ndivyo huwasumbua mbwa mara nyingi, na wewe umekuwa ukimpa ng'ombe kila siku. Chakula cha gunia cha protini iliyovunjwa (Hill's z/d au Royal Canin Hypoallergenic) ndicho njia safi zaidi, protini imekatwa vidogo mpaka mwili hauitambui, na madini yamepimwa. Ubaya ni bei, na mbwa wa kilo 27 anakula kama mtu mzima. Cha kupika ni nafuu lakini unakuwa wewe ndiye kiwanda. Mtu akikuambia ujaribu miezi mitatu ndipo ujue, hiyo ni ya mzio wa ngozi. Tumbo linajibu haraka, wiki mbili tu mara nyingi unaona, ukifika ya nne bila mabadiliko badilisha protini ama urudi kwa daktari. Na kwa vile ameshuka kilo 6 mwambie daktari apime vitamini B12. Utumbo ulioumia hauinyonyi vizuri, na ikiwa chini chakula peke yake hakitoshi, kuna sindano ya kila wiki kwa wiki 6.

Mzee_Bungoma
Swali moja tu. Anakula kwa pupa kama hajaona chakula tangu jana, na choo ni kubwa, ya njano, inang'aa mafuta? Wangu alikuwa hivyo, German Shepherd pia, nikabadilisha vyakula vinne bure. Mwishowe damu ikapimwa kabla hajala, kumbe kongosho halitoi vimeng'enya vya kusaga chakula. Hiyo huwezi kutibu kwa sungura wala kwa wali. Nilikuwa naamka mapema kwenda kichinjioni kuchukua kongosho la ng'ombe, nalikatakata bichi nachanganya kwa kila mlo, baadaye nikapata unga wake. Alinenepa mpaka watu wakadhani nimenunua mwingine.

Taiga_Lanet
Mzee shikamoo. Hapana, hamu ya chakula ni ya kawaida, tena siku zingine anaringa. Choo ni laini, mara ina kamasi. Lakini nitamwambia daktari apime hiyo pamoja na B12.

Shiru_Kiamunyi
Mimi nilifanya sungura na viazi vitamu, huku Nakuru wafugaji wa sungura hawakosi. Wiki ya kwanza vizuri, ya pili mbwa akaharibika tena nikalia kabisa, nikasema sungura imekataa. Siku moja nikarudi nyumbani mapema nikakuta soja wetu ameketi kwa kiti cha geti, kikombe cha chai kwa goti, anararua chapati katikati, nusu yake nusu ya mbwa, wanakula wakiangaliana kama marafiki wa utotoni. Nikamuuliza tangu lini. "Mama, tangu niandikwe." Ngano na maziwa ya chai kila asubuhi saa kumi na mbili! Tulianza upya siku ya kwanza. Kwa hivyo kabla hujanunua chochote ongea na soja, ongea na watoto, na ile dawa ya minyoo yenye ladha ya nyama pia hapana wakati huo.

Mjaluo_wa_Naks
Mbwa anapikiwa viazi vitamu na watu wanalala njaa. Zamani zetu walikula ugali na wakaishi.

Shiru_Kiamunyi
Na wale walioendesha wakafa nani aliwahesabu? Tuendelee.

para_wa_Lurambi
😂 Nyongeza kwa anayepika: usiweke vitunguu wala saumu, wala royco. Anzisha polepole siku 4 au 5 ukichanganya na cha zamani, gawanya mara tatu kwa siku. Wiki nne nyama na viazi tupu havitamuua mbwa mzima, ila zikipita hapo lazima kalsiamu, maana nyama ina kidogo mno. Maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa laini yanasaidia, kama kijiko cha chai kwa kilo ya nyama, na umwone daktari akupe mchanganyiko wa vitamini.

Taiga_Lanet
Nimerudi, wiki ya tatu. Nilichagua sungura na viazi vitamu, gunia lilinishinda bei. Kongosho lake ni zima, B12 ilikuwa chini, amedungwa mara tatu. Siku ya tisa choo ikashika, naweza kuiokota kwa karatasi bila kuacha alama kwa nyasi, samahani kwa wanaokula. Kilo 28 na nusu. Juzi nikampa mapafu kidogo makusudi nione, jana jioni kamasi. Sasa nimejua adui. Shiru, yule mtu wako wa sungura ako Njoro ama wapi, na anauza wakiwa wamechinjwa? Watoto wameanza kuwapa majina.

Shiru_Kiamunyi
Ako Njoro, anachinja Jumamosi. Nitakutumia namba inbox, na umwambie akuwekee na vichwa, supu yake Taiga ataimeza na sahani.