Mtoto akikutwa mgodini, nani alipe faini?

Makamu wa kijiji: Wana-Busia wa upande wa Uganda na jirani zetu, tujadili hili bila matusi. Gombolola letu, yaani kata yetu, linaandaa sheria ndogo: mtoto akikutwa kwenye mashimo ya dhahabu siku ya shule, mzazi analipa faini sawa na bei ya mbuzi. Mimi ni makamu mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na kisheria makamu ndiye katibu wa watoto kijijini. Kwa hiyo faini hiyo nitakwenda kuidai mimi, mlango kwa mlango, kwa watu tunaozikana.

Jumanne nilishuka mashimoni. Nikamkuta binti wa P4, darasa la nne, amechuchumaa kwenye maji ya kahawia, karai mikononi, ncha za vidole zimekunjamana kama za mfua nguo. Kando yake kulikuwa na kizibo cha soda, na ndani yake tone la zebaki. Alikuwa analisukuma kwa kidole lizunguke, anacheka. Jioni zebaki hiyo ikishashika dhahabu wanaikamua kwa kitambaa, wanachoma lile donge, na moshi wanauvuta wote mpaka kichanga kilicho mgongoni. Moshi huo unaharibu ubongo na figo. Nikamuuliza binti pointi zake, yaani vipunje vyake vya dhahabu, anamuuzia nani. Akaninyooshea kidole kwenye kibanda chenye mzani, hatua chache tu kutoka pale. Mwenye kibanda akanipungia mkono.

Nimesoma rasimu. Neno "mzazi" limo mara tisa. "Mnunuzi" halimo kabisa. Mimi nasema sheria tuipitishe, ila ianzie kwa mwenye mzani. Nyinyi je?

Mwalimu wa P6: Makamu, nakuheshimu, lakini mnunuzi utamshikia wapi? Ukimfuata asubuhi, mchana yuko ng'ambo ya mpaka na mzani wake. Mzazi ana nyumba, anajulikana. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa Januari 2022. Watoto wameonja pesa karibu miaka miwili, na wengine mpaka leo daftari la mahudhurio linawaita bure. Nimezunguka kwa wazazi kuwabembeleza hadi soli zimeisha. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yanasema ajira ianze miaka 16. Imetosha kubembeleza.

Mama Watano: Mwalimu, tangu 1997 tunaambiwa shule ni bure. Sawa, karo hakuna. Lakini Sheria ya Elimu ya 2008 imemwachia mzazi chakula na sare. Asiyetoa mahindi ya uji, mtoto wake anakaa chini ya mwembe anatazama wenzake wakinywa. Wangu wa tatu alikaa hapo wiki mbili. Siku moja akarudi akaniambia, "Mama, heri karai." Unafikiri mimi sikulia? Sasa mnitoze mbuzi. Mbuzi huyo atatafutwa na nani, kama si mtoto huyohuyo, kwenye shimo hilohilo?

Boda wa mpakani: Sisi sote tuliosha udongo utotoni. Mbona tuko hai?

Mwalimu wa P6: Uko hai, ndugu yangu. Na juzi fomu ya leseni yako nilikujazia mimi.

Boda wa mpakani: Hiyo umenipata.

Niko Kampala: Msidhani kumtaja mnunuzi kwenye karatasi kunamaliza kazi. Huku tangu 2019 jiji lina sheria ya kulinda watoto: hata anayempa mtoto wa barabarani pesa ana kosa, pamoja na anayenunua kwake. Nendeni mkatazame kwenye taa. Watoto wa kutoka Napak, kule Karamoja, bado wameketi juani, viganja wazi. Operesheni ikija, nikionacho mimi ni mtoto kupakiwa. Mwenye gari, taa ikiwa kijani, anajiendea.

Mzee wa mihogo: Nauliza tu. Mjukuu wangu akitoka shule ananisaidia kupalilia mihogo. Naye ni mtumwa? Asiyeshika jembe leo kesho atakula nini?

Makamu wa kijiji: Mzee wangu, shikamoo. Hata Sheria ya Ajira ya 2006 ilitenga kazi nyepesi chini ya uangalizi wa mtu mzima kwa wenye miaka 12 na 13, alimradi masomo yasiguswe. Mihogo yako jioni haina tatizo. Ukimwachisha kipindi cha asubuhi akalime kwa tajiri kwa ujira, hapo nitabisha hodi, na utanisamehe.

Mama Watano: Makamu, nikwambie tulichofanya sisi, maana hapa watu wanapenda kutupangia. Kikundi chetu cha akiba kina sanduku la kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu. Msimu uliopita tukakubaliana kila mwanachama alete debe la mahindi la uji wa shule. Wawili hawakuleta, na mmoja wao ni mimi, mvua ilinikatalia. Lakini watoto wa kikundi walikunywa muhula mzima, wangu wa tatu akiwemo. Karai liko uvunguni. Sasa wenye mashimo nao walete debe zao. Au pesa zao haziwezi kununua mahindi?

Mwalimu wa P6: Ni kweli, alirudi. Anakaa dawati la mbele. Lakini mama, mzazi mwenye mahindi ghalani na bado anampeleka mtoto shimoni, naye tumwache? Nawajua watatu.

Makamu wa kijiji: Huyo atalipa, Mwalimu, na nitakwenda mwenyewe. Jana nilipeleka pendekezo kwa diwani: mnunuzi aandikwe wa kwanza, wenye mashimo watoe mahindi, mzazi afuate baada ya kuonywa. Alisoma, akatikisa kichwa. Akanikumbusha nani hutukodia viti na turubai kila tunapofanya mkutano.

Kikao ni Alhamisi saa nane. Mama Watano, njoo na wenzako. Mwalimu, njoo na lile daftari la mahudhurio. Tutakaa chini ya mti, kila mtu abebe kigoda chake.